Baiskeli na makasri ya Alps: muende Venosta au Aosta?

Mdogo wangu anakaa Stuttgart, yeye na mkewe wamepata wiki moja ya likizo mwezi wa sita na wanataka kuzunguka Alps kwa baiskeli, sharti lao ni moja tu, njiani kuwe na makasri ya zamani, yale ya mawe yenye minara, tena ya kuingia ndani sio ya kupigia picha ukiwa barabarani. Wamechambua wakabaki na mabonde mawili, yote yako Italia: Val Venosta, kule kaskazini mashariki inapokutana na Austria na Uswisi, na Valle d'Aosta, kaskazini magharibi chini ya Mont Blanc. Mimi nimepita kwa baiskeli kote kuwili, Venosta mara mbili na Aosta mara moja ila nilikaa siku nane, kwahiyo amenipigia anataka nimchagulie.

Ntasema jibu mapema kabisa alafu maelezo yafuate. Kama mnachotaka zaidi ni kuendesha baiskeli, nendeni Venosta. Kama mnachotaka zaidi ni makasri, nendeni Aosta. Watu wengi wanadhani haya mabonde ni mapacha kwa sababu picha zake zinafanana, milima yenye theluji nyuma, mizabibu, mnara juu ya mwamba, ila ukiwa juu ya siti tofauti yake ni kubwa mno.

Tuanze na Venosta. Unaanzia juu kabisa, Passo di Resia, mita 1,504 kutoka usawa wa bahari, mpaka wa Austria uko hapo hapo, alafu unateremka na mto Adige mpaka Merano ambayo iko kwenye mita 325 hivi. Ni kama kilomita 80 na karibu njia yote imetengwa kwa ajili ya baiskeli, lami safi, vibao kila njia panda, magari unayasikia kwa mbali tu. Kumbuka kila mahali kuna majina mawili, la Kitaliano na la Kijerumani, manake eneo hili lilikuwa la Austria mpaka baada ya vita kuu ya kwanza na lugha ya nyumbani huko mpaka leo ni Kijerumani, kwahiyo Malles ni Mals, Glorenza ni Glurns, na bonde lenyewe wenyeji wanaliita Vinschgau. Usipojua hilo utasimama njia panda unashangaa ramani.

Njia yenyewe ni ya kale. Warumi walipitisha hapa barabara yao ya Via Claudia Augusta, ilikamilika zama za Kaisari Claudius mwaka 46 hadi 47, na vipande vingi vya njia ya baiskeli vinafuata mkondo huo huo. Kilomita za mwanzo unapita kando ya ziwa Resia, na hapo utaona kitu ambacho hata kama umekiona kwenye picha mara mia bado kitakugusa, mnara wa kanisa umesimama peke yake ndani ya maji. Kijiji cha Curon kilizamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme, nyumba 163 zikaondoka, familia zikahama, ukabaki huo mnara wa karne ya 14. Mimi niliegesha baiskeli nikakaa pale karibu saa nzima. Watu wanapiga picha wanacheka, sawa, ni likizo, ila mi nilikuwa nawaza kuhusu wale wazee walioangalia maji yanapanda kwenye mashamba yao.

Baada ya ziwa mteremko unaanza kweli kweli. Unashuka mpaka Burgusio, juu kulia kwako kuna monasteri nyeupe kubwa ya Marienberg, iko mita 1,340, na kwenye chumba cha chini ya kanisa lake kuna michoro ya malaika ya karne ya 12 ambayo rangi zake bado zimekolea. Kisha unaingia Glorenza, na hapa naomba msipite mbio. Ni mji wenye ukuta kamili kuzunguka pande zote, malango matatu, wakazi hawafiki elfu moja, na unaingia na baiskeli yako ukipita chini ya lango kama walivyopita wafanyabiashara wa chumvi. Mji uliteketezwa baada ya vita vya Calven mwaka 1499, ukuta unaouona ulijengwa baada ya hapo. Kuna ukumbi wa matao mafupi, mafupi kiasi kwamba mtu mrefu unainama, kaeni hapo chini ya tao mnywe kahawa.

Kutoka Glorenza kwenda chini ni bustani za matufaha kilomita na kilomita, pande zote mbili, mpaka unachoka kuyatazama. Ukienda Aprili wakati wa maua na usiku ukawa wa baridi, wakulima wanayamwagia maji kusudi yagande, barafu inalifunika ua na kulikinga lisife, asubuhi bonde zima linang'aa kama limepakwa kioo. Pale Lasa utaona vipande vikubwa vya marumaru nyeupe kando ya reli, hata kingo za njia zao ni za marumaru.

Alafu kuna treni, na hili ndo linaloifanya Venosta iwe rahisi kuliko bonde lolote ninalolijua. Reli ya Merano kwenda Malles ilijengwa 1906, ikafungwa miaka ya tisini mwanzoni, ikafunguliwa tena 2005, na kwenye stesheni unakodi baiskeli juu unairudisha chini. Kwahiyo mtu ambaye mapafu yake hayako sawa, au mtoto wa miaka kumi, au mama mkwe, wote wanaweza. Sema mwangalie kwanza ratiba kabla hamjalipia hoteli, kwa sababu wanaiwekea reli umeme na kuna vipande huwa vinafungwa, basi la badala yake halibebi baiskeli nyingi. Kutoka Malles kupanda Resia ni basi, au mguu wako.

Tahadhari moja nimeilipia mwenyewe. Mara ya kwanza tulikodi baiskeli mahali fulani bila kuzikagua, tukashuka vizuri siku nzima, tukafika zile kona za Tel kabla ya Merano, pale njia inapindapinda kama nyoka, mwenzangu anabana breki ya nyuma hendeli inafika mwisho baiskeli haisimami. Breki pedi zilikuwa zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Alitumia ya mbele polepole akajipeleka kwenye nyasi, hakuumia, ila mikono ilimtetemeka jioni yote. Kwahiyo kabla hujasaini chochote inua tairi la nyuma, lizungushe kwa nguvu, bana breki. Likiendelea kuzunguka hata kidogo, omba nyingine. Hii ni dakika moja tu, na kwenye mteremko wa zaidi ya mita elfu moja breki ndo uhai wako.

Sasa makasri ya Venosta. Lipo moja ambalo mimi naliweka sawa na lolote la Aosta, nalo ni Churburg pale Sluderno, Kitaliano wanaliita Castel Coira. Lilijengwa karne ya 13 na askofu wa Chur, na tangu 1504 liko mikononi mwa familia moja, akina Trapp, hadi leo ni lao. Ndani kuna chumba cha deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, na sio deraya za maonyesho zilizokusanywa huku na kule, hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa nyumba hiyo hiyo. Moja ni ya jitu, Ulrich wa Matsch, chuma chake kina zaidi ya kilo 40, ukisimama mbele yake kichwa chako kinafika kifuani. Juu kuna baraza la matao ambalo dari yake yote imechorwa mti wa ukoo, matawi yanapanda na kujikunja na kila jani kuna mtu. Unazungushwa na mwongozaji, huingii peke yako, na Jumatatu kwa kawaida wanafunga.

Juval nalo ni zuri, liko juu ya mwamba mdomoni mwa bonde la Senales, ni la mpanda milima Reinhold Messner, alilinunua 1983. Huyu sisi Waafrika Mashariki tunamfahamu hata kama hatujui kwamba tunamfahamu, mwaka 1978, mwaka ule ule aliopanda Everest bila gesi ya oksijeni, yeye na Konrad Renzler walipanda Kilimanjaro kwa kupitia Breach Wall, ule ukuta wa mwamba na barafu upande wa kusini magharibi ambao hata wapagazi wetu wakiutazama wanatingisha kichwa. Shida ya Juval ni kwamba katikati ya kiangazi, Julai na Agosti, huwa linafunga, na kupanda kwake ni kukali, baiskeli iacheni chini. Castel Tirolo juu ya Merano ndilo lililoipa Tirol yote jina. Zaidi ya hayo mengi ya bonde hili ni magofu au nyumba za watu au hoteli, unayaona ukipita, mazuri kwelikweli, ila mlango umefungwa. Ndo maana nasema Venosta makasri unakula kwa macho.

Aosta ni habari nyingine. Huu ndo mkoa mdogo kuliko yote Italia, kilomita za mraba 3,260 hivi, na katika udogo huo wamejaza ngome na makasri mpaka ukisimama kwenye moja mara nyingi unaliona jingine. Karibu yote makubwa yalipita mikononi mwa familia moja, akina Challant, na hapo kuna faida ambayo sikuitegemea: ukiyafuata kwa mpangilio unaona ukoo mmoja unavyobadilisha fikra, kutoka kuogopa hadi kustarehe.

Verrès ni woga mtupu. Ibleto di Challant alilimaliza mwaka 1390, ni mchemraba wa jiwe, kila upande kama mita 30, umekaa juu ya mwamba na hauna pambo hata moja kwa nje. Ndani kuna ngazi za mawe zinazozunguka ua kwa matao yanayoning'inia, unapanda unasikia nyayo zako zinarudi. Fénis imesimama katikati, ina kuta mbili na minara kama kasri la hadithi, ila ukiangalia vizuri iko kwenye kilima laini ambacho jeshi lolote lingelifikia bila kuhema, kuta zile ni za heshima kuliko za vita. Uani kuna mchoro wa Mtakatifu George na joka juu ya ngazi za nusu duara, na kwenye roshani kuzunguka wamechorwa wazee wenye hekima, kila mmoja kashika karatasi yenye methali ya Kifaransa cha zamani. Mke wangu aliposikia mwongozaji anazisoma moja moja akasema hizi ni kanga, wamezitundika ukutani. Tukabaki tunasoma kila mzee anamwambia nani.

Alafu Issogne, ng'ambo ya mto tu kutoka Verrès. Kwa nje ni nyumba ya kawaida katikati ya kijiji, mtu unaweza kuipita. Ingia. Uani kuna chemchemi ya mti wa komamanga uliotengenezwa kwa chuma, na chini ya baraza kuna michoro ya maisha ya kila siku ya miaka ya mwisho ya karne ya 15: bucha, duka la dawa, fundi cherehani, soko la mboga, askari wa zamu wamekaa wanacheza kamari silaha zao zimetundikwa nyuma. Kwenye duka la vyakula zimepangwa jibini za mviringo, na watu wa huko wanakwambia kwa fahari hiyo ndo fontina, jibini yao mpaka leo. Nilisimama mbele ya ile bucha muda mrefu. Hakuna mfalme pale, hakuna malaika, ni watu wananunua nyama, na bwana wa nyumba, Georges de Challant, alitaka hao ndo wamkaribishe mgeni mlangoni. Kuta za ndani zimejaa maandishi ya wageni waliopita karne na karne, wamekwaruza kwa ncha ya kisu, wengine wanalalamika kuhusu pesa, wengine mapenzi. Hamna kitu kama hicho Venosta, na kwa kweli sijakiona kwingine.

Mwisho wa bonde kuna ngome ya Bard, hii ni ya mizinga. Mei 1800 Napoleon alishuka Alps na watu kama 40,000, akakwama hapa karibu wiki mbili kwa sababu ya askari wa Austria 400 hivi waliojifungia ngomeni, mpaka ikabidi mizinga ipitishwe usiku katikati ya kijiji kilicho chini ya ngome, barabara ikiwa imemwagiwa majani makavu isisikike. Alipoiteka akaibomoa hadi chini. Iliyopo leo ilijengwa upya miaka ya 1830 hadi 1838, na kuna lifti za kioo zinakupandisha, miguu ya mwendesha baiskeli inashukuru. Hapo Donnas, kilomita chache tu, kuna kipande cha barabara ya Kirumi iliyochongwa ndani ya mwamba, mifereji ya magurudumu bado imo kwenye jiwe. Mji wa Aosta wenyewe Warumi waliuanzisha mwaka 25 kabla ya Kristo, na ukuta wa mbele wa ukumbi wao wa michezo bado umesimama mita 22.

Ila sasa baiskeli. Aosta njia nzuri ya baiskeli mnayo kati ya Sarre na Fénis, kama kilomita 20 kando ya mto Dora Baltea, tambarare, mtoto anaenda. Nje ya hapo mnaungaunga, vipande vya njia, vichochoro vya vijijini, na mara nyingi mnarudi kwenye barabara kuu ya SS26 na magari. Bonde ni jembamba, mto, reli, barabara na autostrada, ile barabara ya magari ya kasi, ya kwenda handaki la Mont Blanc vyote vimebanana, kelele haikosekani. Kutoka Courmayeur, mita 1,224, kushuka hadi Aosta ni kilomita 35 za raha na hofu pamoja, kuna mahandaki, na Italia koti la kuakisi mwanga na taa ni lazima kisheria ukiingia handakini, sio hiari. Treni ya upande wa juu ilisimama mwisho wa 2015, na ile ya kwenda Ivrea ilifungwa Januari 2024 kwa kazi ya kuweka umeme, kwahiyo lile suala la kupanda kwa treni na kushuka kwa baiskeli lisahauni, labda mpate uhakika kwamba imeshafunguliwa. Na upepo. Siku ya jua, mchana, hewa ya mabondeni Alps hupanda kutoka chini kwenda juu, Aosta unausikia hasa. Ukiwa unashuka kwenda Bard saa tisa mchana utapiga pedeli kwenye mteremko kana kwamba unapanda. Ondokeni saa moja asubuhi mfike saa sita.

Kuna na hili la Aosta, kwetu lina uzito wake. Waongozaji wa mlima wa Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel, ndio waliofika na Mwingereza Mackinder kileleni Batian, mlima Kenya, mwaka 1899. Mwaka 1906 walirudi Afrika na Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, pamoja na akina Petigax wawili, wakapanda Rwenzori, na kilele cha juu kabisa, mita 5,109, kikaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia. Kasri la malkia huyo huyo liko kwenye bonde la pembeni, Gressoney, lilimalizwa 1904. Kutoka Pont-Saint-Martin ni kupanda kama kilomita 30, mita elfu moja na zaidi, mtu mwenye miguu au baiskeli ya umeme anaweza. Mimi nilipanda, na kusimama mbele ya lile kasri ukijua jina la malkia wake liko Uganda na Congo juu ya barafu, ni hisia nyingine kabisa.

Chakula sitagombania. Venosta mna mkate mweusi wa rai, nyama kavu ya speck (ni nguruwe, wasiokula waseme mapema, knödel nyingi, yale madonge ya mkate, nazo wanatia), na aprikoti mwezi wa saba. Aosta mna fontina na polenta. Kote mtashiba.

Kwahiyo mdogo wangu, kwa vile shemeji hajawahi kuendesha zaidi ya kilomita thelathini kwa siku na barabara yenye magari inampa wasiwasi, mimi ningewapeleka Venosta. Siku ya kwanza Resia hadi Malles tu, mlale Glorenza jirani yake. Ya pili Churburg asubuhi, mshuke taratibu hadi Silandro au Laces. Ya tatu mfike Merano, ya nne mpumzike mpande Castel Tirolo kwa miguu, siku zinazobaki mfuate Adige hadi Bolzano, Ötzi, yule mtu wa kale aliyepatikana 1991 ameganda kwenye barafu juu ya Senales, amewekwa kwenye makumbusho pale mjini.

Ningekuwa naenda mwenyewe wiki hiyo ningeenda Aosta, tena nisingezunguka na mizigo kwenye kerio. Ningepanga chumba mjini Aosta usiku nne, nyingine tatu Verrès, baiskeli nyepesi, chupa ya maji na koti la kuakisi, kila asubuhi kasri moja au mawili kabla upepo haujaamka. Fénis na Issogne zote mnaingia kwa vikundi na mwongozaji, wekeni nafasi ya saa tatu asubuhi, watu ni wachache, na kwenye ile bucha muda wa kusimama unatosha.